Maji Yaliyochemka Bila Moto

Frigo, yaani jokofu, ya Mama Emérence ilikuwa na tabia ambayo hakuna aliyeweza kumweleza. Asubuhi ilishika baridi vizuri. Kabla ya adhuhuri baridi ikakatika, ingawa mashine iliendelea kunguruma. Akiizima ikapumzika, ilirudia kazi kama kawaida. Yaourt, yaani mtindi, aliyouza karibu na soko la Butembo ilichachuka mno. Fundi mmoja alikwisha kuitia upya gazi, ile gesi ya kupoza, na haikusaidia.

Ndipo Mama Emérence akaipeleka kwa Keren Syauswa. Keren alikuwa mkulima wa viazi kule Kayna mpaka vita vilipomkimbiza, akajifunza ufundi wa frigo mjini. Hata shambani watu walimjua kwa maswali yake.

Hakugusa chupa ya gazi. Aliiwasha frigo, akaketi, sikio karibu na bomba. Gazi lilisikika likipita, kisha kimya. Akalowesha kitambaa kwa maji ya moto, akakibana pale bomba jembamba linapoingia sehemu ya kugandisha. Sssss! Gazi likapita tena.

«Unasikia, Mama? Kuko barafu ndani ya tuyo, hili bomba. Kidogo tu, lakini inaziba njia.»

«Barafu? Mayi iliingilia wapi?»

«Yule fundi wa kwanza alifungua tuyo, hewa ikaingia. Kisha akatia gazi bila kuvuta ile hewa kwanza. Na hewa ya Butembo unaijua, iko na mayi.»

«Sasa utaitosha namna gani itoke? Frigo haiko nguo, uikamue!»

Keren akacheka. Alichukua chupa ndogo ya kioo kizito, akatia maji kidogo ya mtungini, akaifunga kwa kifuniko chenye mpira uliounganishwa na pampu. Pampu ikavuta. Mara mapovu yakaanza kupanda, maji yakatokota.

«Gusa.»

Emérence alinyoosha kidole akitazamia kuungua. Kioo kilikuwa baridi.

«Yesu wangu! Inachemka, na haina moto!»

«Hewa ndiyo inakandamiza mayi. Ukiitosha hewa, mayi inageuka mvuke yenyewe, pompi inaivuta.»

Wanawake hao wawili waliinama juu ya chupa kama watu wanaochungulia kiota cha ndege.

Kisha Keren alibadili mafuta ya pampu, yaliyokwisha kunywa mvuke, akalitoa gazi la zamani na kulifungia katika chupa yake, akaweka kichujio kipya cha kunyonya maji, akachomelea bomba, akaanza kuvuta hewa ndani ya frigo yenyewe. Mshale wa kipimo cha msukumo wa hewa ukashuka. Alipofunga koki na kuzima pampu, mshale ulipanda kidogo.

«Kuko fasi inatoboka!» Emérence akaruka.

«Ngoja.»

Mshale ukasimama.

«Kama ni tundu, mshale ungeendelea kupanda. Hii ni mayi ingali inachemka ndani.»

Wakazungushia mabomba vitambaa vya moto, Emérence akavishikilia mwenyewe, pampu ikavuta tena mpaka ukungu ulipoanza kushuka mlimani. Safari hii mshale haukutikisika. Ndipo Keren akapima gazi kwenye mizani, akalitia.

Baridi haikukatika tena. Juma lililofuata Emérence alileta kikombe cha yaourt nzito. Keren alionja, akakizungusha kikombe, akatazama ndani.

«Mama, lakini haya maziwa yalikuwa mepesi. Nini inayafanya yagande hivi?»

Emérence akavuta kiti. «Ikala, mwanangu. Hiyo mimi nitakuambia.»