Kichwa cha Treni cha Mzee Kazama

Kila alipotaka kutoka dukani kwetu, Mzee Kazama alisimama kwanza mlangoni, akanyoosha kidole cha shahada mbele yake na kusema kwa sauti: "Mfuko, sawa. Mwavuli, sawa. Ngazi, sawa." Ndipo akashuka. Tangu ujana wake alikuwa mkaguzi wa mabehewa katika yadi ya Niitsu, na kama ilivyo desturi ya reli zote za Japani, huko kila kitu kilionyeshwa kwa kidole na kutajwa kwa mdomo kabla treni haijaondoka, maana macho yakiachwa peke yake husema uongo. Alistaafu, mkewe akafariki, yadi ikapunguzwa hadi sehemu kubwa ikawa nyasi, lakini kidole hakikustaafu. Siku ya msiba wa baba yangu nilimwona akikinyooshea kidole kijiti cha ubani alichokuwa amekichomeka mwenyewe. "Kimewaka, sawa," akasema, kisha akalia.

Baba ndiye aliyeniachia duka hili la treni ndogo, zile ambazo watu wazima huziunda kwa mkono mezani kwao. Mzee Kazama alikuwa akinunua shaba ya manjano iliyo nyembamba kama karatasi, anaikata, anaikunja, halafu anaigeuza na kubonyeza ribiti, vile vichwa vya misumari ya kuunganishia mabati, kwa sindano kutoka upande wa nyuma, moja baada ya nyingine, mpaka behewa lenye urefu wa kidole linafanana na lile alilokuwa akiligonga kwa nyundo yadini. Ribiti zake zilijulikana. Hazikunyooka kama za mashine. Zilikaribia sana kunyooka, na huko kukaribia ndiko kulikowafanya wenzake wa klabu wasogeze lenzi.

Klabu ilikutana Jumapili katika chumba cha juu cha ukumbi wa mtaa. Mwenyekiti ni Bwana Honma, muuza samaki, mtu wa sauti kubwa. Kila vuli walifanya maonyesho, na sharti lilikuwa moja tu: kinachowekwa juu ya meza ile kimeundwa na mwenyewe. Kununua kilichokamilika hakukuwa dhambi. Wote walikuwa navyo nyumbani, ila mezani pale havikuletwa.

Mwaka ule Mzee Kazama alikuwa ameahidi kichwa cha treni ya mvuke cha aina ya C57, ambacho watu wa kwetu hukiita Bibi Mtukufu kwa wembamba wa kiuno chake.

"Mzee, Bibi yuko wapi?" Honma alikuwa akimuuliza kila wakikutana dukani. "Au bado anajipodoa?"

"Mwanamke mwenye heshima haharakishwi, wewe mpara magamba."

Walicheka. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimuuzia vifaa, na niliona kwamba anarudia kununua bamba lile lile la ubavu wa boila. Mara ya kwanza alisema ameliunguza akilehemu. Mara nyingine alisema paka amelikalia. Mzee Kazama hakuwa na paka. Alipopokea chenji, sarafu zililia kiganjani mwake, akaharakisha kuzifumbata.

Siku moja ya mvua, duka likiwa tupu, alinyoosha kidole kwenye rafu ya juu kabisa, palipokuwa na boksi la manjano. Ndani yake mlikuwa na Bibi Mtukufu aliyetoka kiwandani, kamili hadi taa.

"Kile pale," akasema.

"Ni chako, mzee?"

"Cha mpwa wangu. Yuko Nagaoka. Anaanzaanza."

Nikachukua karatasi ya zawadi na kuanza kuikunja.

"Acha, mwanangu. Usijisumbue."

Alipofika mlangoni alisimama kama kawaida. Kidole kikanyooka kwenye mfuko, kwenye mwavuli, kwenye ngazi. Midomo ilicheza, ila sauti haikutoka.

Siku ya maonyesho Bibi alikuwa katikati ya meza kuu. Alikuwa amepakwa masizi kwenye bomba, kutu chini ya ngazi, mafuta kwenye magurudumu, na nyuma yake makaa halisi yaliyotwangwa. Kadi ilisema: Kimeundwa na Kazama Shigeharu. Watu walijaa. Maruyama, ambaye hajawahi kumsifu mtu bila kumchoma kidogo, alivua miwani na kuinama.

"Ribiti hizi! Mzee, siku hizi unakula nini? Zimenyooka kama askari wa gwaride!"

Mzee Kazama aliinamisha kichwa kushukuru, akaendelea kuinama baada ya wengine kwisha kupiga makofi. Nilikuwa kwenye meza ya pembeni nikiuza rangi na waya. Nadhani alijua kwamba akiinua uso atakutana na wangu. Nikajishughulisha na kupanga rangi zangu upya.

"Jamani!" Honma alipaza sauti. "Jumapili ijayo mzee atatufundisha ribiti. Atakaa hapa, tutamzunguka, tutatazama mkono wake."

"Mimi mzee sasa, Honma. Watafute vijana."

"Ndiyo maana! Usije ukatukimbia na siri yako kaburini!"

Chumba kizima kikacheka, naye akacheka.

Wiki hiyo hakuingia dukani. Nilimwona mara moja ng'ambo ya barabara, ameshusha mwavuli usoni ilhali mvua ilikuwa imekatika. Sikuwa na haja ya kuuliza anawaza nini. Akienda, atakaa mbele yao na mkono ule ulioliza sarafu. Asipoenda, watamfuata nyumbani na matunda, wakidhani anaumwa, na wataukuta mkono huko huko. Na mbali na watu wale, katika mji wetu hakuwa na mtu aliyekuwa akimwita kwa jina.

Jumapili nilipeleka shaba na sindano, kama Honma alivyoniagiza. Mzee Kazama alikuwa amefika mapema, amevaa suti yake nyeusi, ile ya misibani. Mbele yake palikuwa na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa.

"Ee, leo tuna arusi?" Maruyama akatania.

Mzee alifungua fundo la kitambaa. Mlikuwa na Bibi Mtukufu, na kando yake boksi la manjano. Utani ukakoma pale pale, kwani hakuna mtu katika chumba kile asiyelijua boksi lile. Alilifunua, akaonyesha sponji yenye shimo, kisha akamshika Bibi kwa mikono miwili na kumshusha ndani. Aliingia polepole bila kusukumwa, kama mtu anayerudi kwenye kitanda chake. Hakukuwa na pengo wala mbano.

Kisha Mzee Kazama akauweka mkono wa kulia juu ya meza, akauacha utetemeke, wautazame. Mbele yao alikuwa akiuficha mfukoni. Baada ya hapo akainama mpaka paji la uso likagusa ubao.

Honma ndiye aliyeanza, akicheka kicheko kidogo kisichokuwa chake.

"Lakini, mzee... masizi ni yako. Masizi yale kiwanda gani kitaweza?"

"Ndiyo," Mzee Kazama akasema, uso bado umelala mezani. "Masizi ni yangu."

"Kwa hiyo mimi nilikuwa namsifu fundi wa kiwandani," Maruyama akasema. "Mbele za watu. Na miwani nikavua."

"Maruyama, funga mdomo!"

"Mwache," mzee akasema. "Ni yeye tu anayesema na mimi kama jana."

Walimsihi abaki anywe chai. Mmoja akamvutia kiti, mwingine akasema mikono ya wote huzeeka, kwani kitu gani. Nilimwona akijikunyata kwa kila neno jema kuliko alivyojikunyata kwa lile la Maruyama. Akasimama, akanyoosha kidole kwenye kiti, kwenye taa, kwenye mlango. "Sawa," akanong'ona kwa kila kimoja. Hakupanda tena ngazi za ukumbi ule.

Honma alimwachia samaki mlangoni. Beseni lilirudi limeoshwa, bila salamu. Dukani alikuja mara chache, kupitia uchochoro wa nyuma, akinunua bamba moja la shaba na kuondoka kabla mteja mwingine hajaingia.

Theluji ilipokuwa inaanza kuyeyuka nilimpelekea vitumbua vya mchele vilivyofungwa kwa majani ya mianzi. Aliponiona akafunika kitu mezani kwa gazeti, kisha akalifunua mwenyewe, kama mtu aliyechoka kufunika. Lilikuwa behewa la makaa, lenye urefu wa kidole. Ubavu mmoja uliegemea upande. Ngazi yake ilipinda. Ribiti zilipanda na kushuka kama nyayo za mlevi kwenye theluji.

"Cheka tu, mwanangu."

"Sicheki, mzee."

"Ungecheka ningepumzika. Msimu mzima wa baridi, hilo tu."

Nikamwambia nataka kuliweka dukani. Alinimiminia chai, nyingine ikaenda kwenye mkeka, na sote wawili tukatazama dirishani. Baadaye akalifunga kwenye leso bila kusema ndiyo wala hapana, akanikabidhi.

Alifariki kabla mpunga haujapandikizwa. Behewa liko nyuma yangu ninapoandika, kwenye rafu ya juu palipokuwa na boksi la manjano, na halina kadi. Wa klabu wakija hulitazama kwa muda mrefu. Maruyama huvua miwani, lakini haulizi.

Siku ile ya vitumbua alinisindikiza hadi mlangoni. Akakinyoosha kidole, kikicheza, kwenye mfuko wangu, kwenye viatu vyangu, kwenye ngazi yenye barafu. Sawa, sawa, sawa. Nilipofika chini akaniita.

"Yurie. Wakikuuliza ni la nani, usinitaje. Sema ni la mtu anayeanza kujifunza."