Mkanda Mweusi Chini ya Ukuta

Fundi rangi huyu mtaa mzima ulimwita Mara Mbili, kwa kuwa hakukubali ukuta upakwe mara moja ukahesabiwa umepakwa. Ilikuwa lazima kwanza ausugue ukungu kwa brashi ya waya na maji ya sabuni, aungoje ukuta ukauke siku tatu hata mwenye nyumba akinuna, azibe nyufa, apige msasa, ndipo afungue kopo. Alikuwa na jicho, hilo tusimnyime. Mkiwa mnatembea mnazungumza, ghafla ananyamaza. Ukifuata macho yake unakuta anatazama mfereji wa bati la jirani uliolegea na kuanza kuchora michirizi ya kutu ukutani. Kwa kuta za watu hakuna kilichompita.

Nyumba yake mwenyewe ilimpa raha zote isipokuwa jambo moja, nalo ni mkanda. Ni ile rangi nyeusi, kimo cha goti, ambayo nyumba nyingi hupakwa chini kabisa ya ukuta ili matope yanayorushwa na mvua yasionekane. Mara Mbili aliiona ni aibu. Ukuta ukichafuka uoshwe, alisema. Kuupaka mweusi ni uvivu wa mtu anayevaa suruali nyeusi ili asifue. Kila mwaka akitayarisha ndoo zake mkewe alimwambia auache mkanda, wakateta, na mkewe akashinda. Zamani alitaja matope. Miaka miwili ya mwisho hakutaja sababu yoyote, aliomba tu, tena kwa sauti ya chini, na fundi mwenye jicho hakuigundua tofauti.

Kulikuwa na mengine pia. Vikombe vilianza kuvunjika. Chai ilimiminwa kando ya kikombe, juu ya kitambaa cha meza. Mara Mbili, mtu wa utani, akampa mkewe cheo cha Waziri wa Kuvunja Vyombo, akakitangaza mbele ya mashemeji na majirani, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mkewe naye akacheka. Siku hiyo alikuwa amekusudia kumwambia mumewe kwamba macho yake hayako sawa, lakini utamwambiaje mtu neno kama hilo huku sebule nzima inacheka? Akameza maneno yake, na baada ya hapo ikawa mazoea kuyameza.

Binti yao alipojifungua, mama alikwenda kukaa naye majuma matatu. Mara Mbili akabaki na nyumba, makopo, na wazo lake la siku nyingi. Hakufanya kwa ubaya. Alifanya kwa mapenzi, ila mapenzi yale yalikuwa na kiburi ndani yake, maana alijua fika kwamba mkewe hataki. Aliukwangua mkanda kuzunguka nyumba nzima, akapaka rangi ya maziwa toka juu hadi chini, mara mbili kama kawaida yake. Kisha akaiosha hata ile njia ya saruji inayopita kando ya ukuta, ikang'aa.

Mkewe alirudi asubuhi. Alisimama mlangoni, akasema pananukia rangi. Mumewe akamwuliza kama amependa, naye akajibu kwamba ni nzuri sana. Hakuulizwa ameona nini. Akachukua ndoo kwenda bombani nyuma ya nyumba, njia aliyoipita miaka ishirini na sita. Kwenye kona pana vidato viwili vya kushukia. Alipita hapo kama mtu anayetembea sehemu tambarare.

Mara Mbili alisikia kwanza mlio wa ndoo. Alimkuta ameketi chini, ameukumbatia mkono wa kulia, kifundo kimepinda. Kwa hofu akaanza kufoka, akimwuliza kwa nini hatazami anapokanyaga.

"Mkanda uko wapi, baba watoto?" mkewe aliuliza. "Mimi huwa naufuata. Ukishuka, najua na mimi nishuke."

Hospitali mkono ulifungwa, na daktari wa macho akaitwa. Alisema ni presha ya macho, ugonjwa unaokula taratibu bila maumivu. Kilichopotea hakirudi, ila mgonjwa angeletwa miaka miwili nyuma, matone tu yangeokoa sehemu kubwa. Mara Mbili akapiga hesabu. Miaka miwili nyuma ndiyo siku ile ya cheo, na kicheko, na yeye amesimama katikati ya sebule akijiona bingwa.

Nyumbani alimwuliza mkewe kwa nini alimficha.

"Ulikuwa umefurahi," mkewe alisema. "Sikutaka kukuharibia."

Afadhali angemtukana. Asubuhi yake fundi aliingia kazini nyumbani kwake, akapiga magoti kuzunguka kuta zote, akaurudisha mkanda, mweusi kuliko ulivyokuwa, na kwenye vile vidato akauteremsha kwa uangalifu kuliko kazi yoyote aliyowahi kulipwa. Wakati huo alijua anachokitaka. Alitaka mkewe aende tena bombani peke yake, bila kuongozwa, kama mwenye nyumba anavyotembea nyumbani kwake.

Mkono ulipofunguliwa, alimtoa nje, akamsimamisha mwanzo wa njia na kumwuliza kama anauona mkanda. Mkewe aliinama, akauangalia kwa muda mrefu. Ndoo ilikuwa tupu katika mkono wake wa kushoto.

"Nauona," alisema. "Ila nitajuaje kama kesho nitaukuta?"

Mara Mbili hakujua kama mkewe anasema habari ya macho yake au habari ya mumewe, na hakuthubutu kuuliza. Mkewe akampa ndoo, akageuka, akapapasa mlango na kurudi ndani.