Koti la Mwalimu wa Kiingereza

Baba mdogo alisema nitarudi nyumbani kabla mahindi hayajakomaa. Aliyasema mbele ya watu, kwenye kilabu cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, pale Kalenga, huku ameshika kikombe cha plastiki kama hakimu aliyeshika nyundo yake. "Mtoto anayekimbilia nyuma ya nyumba Mzungu akija makumbusho, huyo ndiye akasome kidato cha tano?" Watu wakacheka. Mzee mmoja mwenye shamba la vitunguu akaongeza kwamba nikimaliza hata mwaka mmoja, yeye atatembea kwa mikono mpaka Iringa mjini. Nilimaliza yote miwili. Yeye amekufa akiwa bado anatembea kwa miguu.

Nakuandikia nikiwa na hasira, rafiki yangu, sitakuficha. Nimerudi Iringa mwaka huu baada ya miaka mingi Zambia, na sikurudi na begi la mgongoni kama wanavyorudi wengine. Nina ofisi mjini yenye bango linalosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Nina stashahada ya uchukuzi niliyoisomea Lusaka, mchana nikihangaika kwenye ghala la mizigo, jioni nikiingia darasani na vumbi la saruji kwenye nyusi. Nimeitundika sebuleni, atakaye aje aisome. Kwa hiyo ningeweza kukaa kimya nikala matunda yangu. Nilichoshindwa kunyamazia ni video.

Ilizunguka kwenye kundi la simu la sisi tuliosoma pamoja Mbeya. Ndani yake kiranja wetu mkuu wa zamani, siku hizi mheshimiwa, amesimama mbele ya geti jipya la shule akimsifu mwalimu wetu wa Kiingereza. Anasema ni yeye aliyemfundisha kusimama mbele za watu. Sauti inamtetemeka kidogo, hasa pale inapopendeza itetemeke. Wenzangu wakajaza alama za makofi. Mimi niliiweka simu mezani, nikatoka nje kabla sijaitupa ukutani.

Ngoja nikurudishe nyuma ili unielewe.

Nilipochaguliwa kwenda kidato cha tano, nyumbani hapakuwa na cha kunifungasha. Bibi, ambaye ndiye aliyenilea, alivaa kitenge chake cha kanisani akapita nyumba kwa nyumba. Jirani yetu fundi baiskeli akaniazima tranka la bati, bawaba moja imefungwa kwa waya. Katekista akaniazima blanketi lake la kijivu, na kwa baridi ya kwetu najua alilala vipi mwaka ule. Mama mwenye kilabu cha ulanzi akaniazima ndoo yenye mfuniko. Kila mmoja alimwambia bibi neno lile lile: mtoto akimaliza, atarudisha. Baba mdogo hakuazima kitu. Alisema vitu hivyo vitarudi mapema, wasijali.

Shule ilikuwa nyuma ya vilima, mwendo mzuri wa miguu kutoka barabara kuu. Jina lake nitalihifadhi. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Mbeya inaingia dirishani kama ina kitanda chake humo. Asubuhi tulikunywa uji mwembamba wenye harufu ya moshi, tukifinya vikombe kwa viganja vyote viwili ili vidole viamke.

Mwalimu wa Kiingereza alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, mama mfupi mwenye hatua za haraka. Tulimwita Madam, na mtu akisema "Madam anakuja" hata waliolala walikaa sawa. Hakuchapa. Ingekuwa nafuu angechapa. Alikuwa na kazi yake ya Jumamosi, ambayo sijaisikia shule nyingine yoyote.

Baada ya usafi alitupanga mstari akatushusha mpaka Iyunga, pale malori ya Zambia yalipokuwa yakipumzika kando ya barabara. Kila mwanafunzi na dereva wake. Ulitakiwa urudi na jina lake, kwao ni wapi, amebeba nini, nyumbani kwake wanakula nini, na kitu kimoja anachokiogopa. Madereva wale Kiswahili chao kilikuwa cha kuombea maji tu, kwa hiyo hukuwa na pa kujificha. Huandiki popote. Jumatatu unasimama mbele ya darasa, mikono chini, unamsimulia mtu wako kwa Kiingereza mpaka tumwone. Wenzako wanakuhoji. Ukigundulika umetunga, unarudi barabarani kumtafuta dereva yule yule, na kama ameshapita unamsubiri mpaka arudi kutoka anakokwenda.

Mwenzetu mmoja aliona uvivu, akatunga dereva wake akiwa kitandani. Akatuambia ameongea na mtu anayepeleka shaba Zambia. Darasa zima likapiga kelele, maana mtoto yeyote wa barabara ile anajua shaba inatoka Zambia, haiendi. Madam hakucheka. "Nenda ukamtafute huyo mtu wako," akamwambia. Kijana alizunguka barabarani Jumamosi nyingi akimtafuta binadamu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Mwishoni alikuwa anaongea Kiingereza kutushinda wote, kwa kuwauliza madereva wote wa njia ile kama wao ndio.

Mimi Jumamosi ya kwanza sikutaka kwenda. Sikuwa na sweta. Nilikuwa natetemeka, na mtu anayetetemeka hawezi kuongea hata Kihehe. Madam akanitazama, akavua koti lake la kijani lenye vifungo vikubwa kama vifuniko vya chupa, akanivika mwenyewe mbele ya watu.

"Nakuazima," akasema. "Sijakupa. Utalirudisha."

Basi, kuanzia hapo nikawa Shangazi. Nikipita bwenini: "Shangazi, shikamoo, umetuletea nini?" Nikiingia bwaloni: "Mpisheni Shangazi, magoti yanamuuma." Hata dereva niliyempata aliangua kicheko aliponiona. Alikuwa mtu wa Kapiri Mposhi, amechuchumaa chini ya trela anakaanga dagaa, akaniuliza kama mke wangu anajua nimelichukua koti lake. Nikacheka na mimi. Na mtu akishacheka na wewe, ulimi unalegea.

Nilipomuuliza anaogopa nini, akasema Kitonga. Ule mlima, ukiwa na mzigo, breki zikipata moto, hakuna sala utakayoikumbuka. Hapo nikasahau kwamba sijui Kiingereza. Mimi ni mtu wa Iringa, mjomba wangu alikuwa utingo njia hiyo, Kitonga nimeisikia tangu nikiwa mgongoni. Nikamweleza mahali pa kusimama kabla ya kuanza kushuka, kona ya kuiheshimu, gia ya kuiingiza mapema. Maneno yalikuja yamevunjika magoti, lakini yalikuja. Aliacha kukaanga akanisikiliza. Mtu mzima, mwenye lori, ananisikiliza mimi wa kukimbilia nyuma ya nyumba.

Jumatatu nilisimama na koti langu la kike nikamsimulia mtu wa Kapiri Mposhi. Madam alinirudisha mwanzo mara kadhaa. Hakunisifu. Alisema tu, "Kaa. Nimemwona."

Nimepata vyeti tangu siku hiyo, nimepeana mikono na wakurugenzi. Hakuna kilichonijaza kifua kama maneno yale mawili.

Sasa njoo kwenye hasira yangu.

Mwaka wetu wa mwisho wazazi walilalamika. Waliitisha mkutano pamoja na bodi, na mimi nilipangwa kwenye zamu ya kugawa chai na maandazi, kwa hiyo nilikuwepo na birika mkononi, mdomo umefungwa kwa amri. Mzazi mmoja mwenye maduka mjini akasimama. "Sisi tumeleta watoto wawe wasomi, huyu mama anatutengenezea matingo." Makofi. Madam akaulizwa ana lipi la kusema, akasema waulizwe wanafunzi. Wanafunzi wakawakilishwa na kiranja mkuu.

Yule yule wa video. Alisimama, mikono chini, akageuka kuwatazama watu wote kama alivyofundishwa, akaongea Kiingereza ambacho hakuna mzazi aliyewahi kukisikia kwa mtoto wa shule kama zetu. Kilichonyooka, kisichokimbia. Akasema Jumamosi zile ni muda uliopotea, na wanafunzi wanaomba wafundishwe kwa vitabu kama shule nyingine. Hakuna kati yetu aliyemtuma aseme hivyo. Aliongea mwenyewe, kwa ajili ya kiti chake kwa wakubwa. Alichukua ulimi aliopewa na yule mama akamzika nao.

Alipokaa, Madam akamwambia kwa Kiswahili, taratibu, "Umesema vizuri."

Hakumaliza muhula. Alihamishwa, akaondoka asubuhi tukiwa darasani, na koti lake likabaki kwenye tranka la fundi baiskeli. Jumamosi tukaanza kupewa mazoezi ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi.

Nilipomaliza kidato cha sita sikupata chuo, na baba mdogo alichangamka sana msimu ule. Nikashuka Iyunga na koti langu, nikamsubiri mtu wa Kapiri Mposhi mpaka akapita. Akanifikisha Tunduma kwa wakala wa mizigo. Sikuajiriwa kwa cheti. Niliajiriwa kwa sababu siku hiyo palikuwa na dereva aliyekasirika kiasi cha kutaka kupigana, na mimi pekee ndiye niliyejua kumuuliza mtu habari zake. Kutoka pale nikavuka mpaka, na yaliyofuata nimeshakuonyesha ukutani.

Baada ya ile video nilisema, hapana, mimi sitasifia watu getini. Mimi nitarudisha. Nikakodi Fuso mjini, nikamnunulia kila aliyeniazima chake, tukateremka Kalenga. Fundi baiskeli alilipokea tranka jipya akaanza kujaribu bawaba, akifungua na kufunga kama mtoto. Katekista haoni tena vizuri. Alilipitisha blanketi shavuni akanibariki. Mama wa ulanzi alinipa kikombe kabla hata hajaitazama ndoo. Kwa bibi nilikuta majani ya maboga yametambaa mpaka kwenye kaburi lake. Sikuyang'oa. Alipenda mboga ile.

Baba mdogo alikuja akiegemea fimbo, akachungulia ndani ya Fuso. "Na mimi, mwanangu?"

"Wewe baba uliniazima maneno tu," nikamwambia. "Mahindi yamekomaa mara nyingi tangu uyaseme. Nimekuja ili uyachukue." Nilidhani moyo utatua, haukutua. Alikuwa amezeeka mno.

Jioni tukafika Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, ambako ule uhamisho ulimleta Madam akabaki. Madam amepanga vyumba viwili karibu na barabara, malori yanapita hadi vikombe vinagongana kabatini. Amekuwa mfupi zaidi. Alifungua mlango mwenyewe.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Wewe wa Kalenga. Koti langu liko wapi?"

Nikamwambia liliisha Lusaka, nililivaa mpaka viwiko vikatoka, nimeleta lingine. La kijani, sufu nzuri, vifungo vikubwa. Alilivaa, akakagua mishono kama anayesahihisha mtihani, akakaa nalo. Nikadhani sasa ndipo pa kuutua mzigo wangu. Nikamwonyesha video. Nikamwambia yote niliyoyabeba tangu siku ya birika, kwamba niko tayari kwenda kumwaibisha yule mtu mbele ya geti lake, kwa Kiingereza, akitaka hata kwa Kinyakyusa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Alisema vizuri siku ile," akasema. "Na hapa pia amesema vizuri. Huyo nilimfundisha kusema. Kuuliza hakutaka." Akanirudishia simu. "Wewe nani kakuleta?"

"Nimekodi gari, Madam."

"Gari haliji lenyewe. Anaitwa nani?"

Nilikuwa nimekaa na yule kijana dereva wa Fuso tangu asubuhi, bega kwa bega, nikimwambia pinda hapa, simama pale. Jina lake sikuwa nimemuuliza.

"Kwao wapi? Wanakula nini?" Sauti ilikuwa ile ile ya darasani, haikuzeeka hata kidogo. "Nenda. Nakusubiri."

Nikatoka na suti yangu. Barabara ilikuwa imejaa malori kama zamani, lakini hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja kando yake, wala Iyunga hayupo, nilipita nikaangalia nikitoka Zambia. Shule yetu ina ukuta sasa, na geti. Watoto wanajaza nafasi zilizoachwa wazi, na madereva wanapita na habari zao mpaka Dar es Salaam bila mtu wa kuwauliza.

Kijana alikuwa amelaza kichwa kwenye usukani. Nilipanda nikakaa. Alinitazama kwa wasiwasi, akidhani nina lalamiko la mafuta. Nikamuuliza jina. Alizima redio.

Tuliongea mpaka vumbi la malori likapoteza rangi yake na taa zikawaka. Kisha nikarudi ndani. Madam alikuwa palepale, koti amelifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Sikukaa. Nilisimama mbele yake, mikono chini, bado nina hasira yangu yote, nikaanza kwa Kiingereza kumsimulia kijana wa Njombe ambaye nyumbani kwao wanakula viazi na maharage, na ambaye anachokiogopa ni usingizi.