Ambari ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani aliokota ufukweni donge la kijivu, akalibeba hadi nyumbani kama mtoto mchanga. Alikuwa amesikia kwamba ambari, ile mali itokayo tumboni mwa nyangumi, ukiichoma kwa sindano ya moto huyeyuka ikawa nyeusi na kunuka kama samadi. Na sindano si ndiyo kazi yake? Akawaita mkewe na shemeji zake, akachoma, akanusa.

“Samadi tupu! Jamani, tumeula!”

“Baba Watoto,” mkewe akasema, “hebu vua viatu kwanza.”

Viatu vikatolewa nje, na harufu ikavifuata. Kwenye sindano ikabaki nta nyeupe ya mshumaa.

Fundi akacheka mpaka machozi. “Mtu mzima mimi! Nahangaika kuitafuta ufukweni, kumbe nimeikanyaga njiani.”