Jiko Lililopulizwa Sana

Mama alipomfuata baba kaburini, niliacha shule nikiwa darasa la saba, nikaanza kuuza maziwa ya ngamia sokoni. Tulibaki watatu katika nyumba yetu ya Chechelesi: mimi, mdogo wangu wa kike, na kitinda mimba, aliyekuwa bado anavaa viatu kinyume.

Mdogo wangu alikuwa na ulimi mkali. Madukani walimwita Pilipili. Ndiyo maana niliingiwa na hofu shangazi yetu wa Gotu alipotuma habari kwamba anakuja. Alikuwa amewaambia majirani kuwa nyumba isiyo na mtu mzima haina adabu, na akiikosa hiyo adabu atamchukua kitinda mimba akamchungie mbuzi. Asubuhi ya kuja kwake nilimsihi mdogo wangu anyamaze.

Shangazi aliingia na salamu ndefu, akaketi, akaonja chai.

"Hii ni chai ama maji ya kuoshea vikombe? Sukari ya hapa imehamia Meru?"

Midomo ya mdogo wangu ilicheza.

"Ngoja nipulize jiko, shangazi. Nitakupikia nyingine."

Akatoka nje. Tukamsikia: fuu, fuu. Akarudi na chai tamu.

"Na wewe, nani atakuoa na hiyo sura umenuna?"

"Jiko linataka kuzima, shangazi."

Fuu, fuu.

Kisha shangazi akagusa pale paliponiuma hata mimi. "Lakini si makosa yenu. Mama yenu mwenyewe hakufunzwa kazi ya nyumba."

Mdogo wangu aliinuka polepole. Akapokea kikombe kitupu cha shangazi kwa mikono miwili, akatoka. Safari hii alipuliza mpaka cheche zikaonekana mlangoni. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu.

"Ni moshi," akasema, akamimina chai bila kumwaga hata tone.

Shangazi akanywa, akajitanda shuka. Mlangoni akanigeukia. "Huyu msichana ana heshima. Umemlea vizuri." Kitinda mimba alimsindikiza hadi penye bodaboda, akarudi mbio.

Mpaka leo majirani hunisifu mimi kwa kuwaweka ndugu zangu pamoja. Nikiwaambia sifa hizo ni za mdogo wangu, yeye hucheka na kusema hakufanya kitu.

Kitinda mimba sasa yuko kidato cha pili, na kila akitoka shule lazima amchokoze dada yake. Dada huenda jikoni. Siku hizi tunapikia gesi, lakini bado namsikia: fuu, fuu.