Ukuta wa Balozi Uliotoka Jasho

Wakuu, mimi nimewahi kulala kando ya ukuta unaotoka jasho.

Sitanii. Ilikuwa Oldeani, mwaka themanini na tatu, ule wa msako wa wahujumu uchumi.

Kuta za nje zinazopigwa na mvua zilikuwa kavu. Bati halivuji. Lakini ukuta wa kati, uliotenganisha chumba chetu na sebule, ulikuwa umelowa chepechepe.

Mara ukaota kuvu. Nyeusi, ina harufu ya soksi za mgambo.

Mke wangu Hyasinta alikuwa ameukandika upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe nilipokuwa Karatu kwenye semina. Nikajua haujakauka tu.

Jirani yangu Inosenti akaja kuuona. Akaugusa, akanusa kidole.

"Bwana Balozi, ukuta wa chumbani ukitoka jasho, ujue wenye chumba wanajituma."

Hyasinta akakimbilia jikoni kuficha kicheko.

Balozi ndiye mimi. Balozi wa nyumba kumi. Kazi yangu siku hizo ilikuwa kuwakumbusha watu kwamba atakayeficha sukari, sabuni au chumvi atakwenda kula ugali wa serikali.

Basi nikapambana na ukuta. Nikaweka jiko la mkaa. Nikaacha dirisha wazi mchana kutwa, ukungu wa mlimani ukaingia wote ndani. Nikapiga chokaa, ikabanduka.

Kuvu ikarudi na ndugu zake.

Kisha Hyasinta akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, cha kifua kizima. Mganga wa zahanati akamwuliza analala wapi. Alipoelezwa, akaniambia ile kuvu itammaliza.

Nikachukua sururu.

"Usibomoe," Hyasinta akasema. Amesimama mbele ya ukuta, mikono ameitanua.

"Unaumwa, Hyasi."

"Tuhamishie kitanda sebuleni. Ukibomoa, narudi kwetu Mbulu."

Nikaishiwa pozi. Mtu anautetea ukuta unaomwua?

Nikamsogeza taratibu, nikapiga.

Udongo ukaporomoka kama uji. Katikati ya fito likatokea gunia, limeoza, linachuruzika maji. Nikachovya kidole, nikalamba.

Chumvi.

"Kaka Wilibrodi ndiye aliyeileta," Hyasinta akasema. Kaka yake alikuwa utingo wa malori ya Loliondo, na Loliondo na Kenya ni pua na mdomo. "Tuliitia humo ulipokuwa semina. Sikujua kama chumvi inavuta unyevu hivi."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akakohoa kwanza.

"Ungejua, ungeniripoti, Patrisi. Au usingeniripoti, tukafungwa wote. Nikaona bora nikohoe."

Nikakaa chini, palepale kwenye tope. Nchi nzima inakula mboga chapwa, na mimi kila jioni namsifu mke wangu kwamba ana mkono wa mapishi. Balozi mzima.

Sikuipeleka kwa mgambo. Tulifunga vifurushi, nikavifukia kwenye debe la maharage, nikaanza kugawa nyumba hadi nyumba. Watu walipokea wakinitazama kwa wasiwasi, kama wanaotegwa.

Kwa Inosenti nilikaribishwa mpaka ndani. Akaonja. Akanirudishia kifurushi.

"Bwana Balozi, hii wape wengine."

"Kwani wewe unayo?"

Alikwenda kwenye ukuta wake wa kati, akaiondoa kanga iliyotundikwa pale.

Ukuta ulikuwa umelowa mpaka sakafuni.

Tulitazamana. Mimi ndiye niliyeanza kucheka, naye akafuata kwa woga, kama anayeomba ruhusa.

Huo nao tuliubomoa, sisi wawili. Mvua zilipokwisha Hyasinta akapona kabisa, na mikutano yangu ya nyumba kumi ikawa mifupi sana.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukuta ukilowa katikati ya nyumba, usiishie kupiga chokaa. Kaa na watu wako, uwaulize kwa upole wanakuogopea nini.