Meneja wetu alivyokataa neno "changamoto" kikaoni, mbegu za Chimala zilipogoma kuota

Wakuu, heshima mbele. Wale wazee wa "hii ni chai" mnaweza kupita kimya kimya, mimi nilikuwepo na nasimulia nilichokiona.

Niko kampuni moja ya mbegu hapa Mbeya, upande wa mauzo. Jina kapuni.

Msimu uliopita tuliwauzia wakulima wa Chimala mbegu za mpunga. Wakazimwaga kitaluni, zikagoma kuota. Simu zikamiminika, nyingi kwangu.

Kibaya zaidi, wengi walikuwa na mifuko mingine ndani na wanajiandaa kurudia. Ikigoma tena, msimu umepita, na familia itakula kwa kukopa mwaka mzima.

Meneja akaita kikao. Mama Kihwele, Mhehe wa Iringa, alikuwa bado mgeni kwetu. Mpole mpaka unajiuliza huo umeneja aliupataje.

Sasa vikao vya maofisini mnavijua.

Mtu wa ghala: "Kulikuwa na changamoto ya mvua."

Mtu wa ubora, msomi wa digrii mbili: "Kulijitokeza changamoto kwenye sampuli."

Mkuu wangu wa mauzo akamalizia kwamba wakulima wana changamoto ya uelewa.

Ukisikiliza ungedhani Changamoto ni mfanyakazi mwenzetu, ameharibu kazi na siku hiyo hakuja.

Mama akawaacha wamalize. Akasema taratibu, "Jamani, hilo neno tuliweke nje kwanza. Humu kila mtu aseme, mimi nilifanya hivi. Naanza mimi. Fundi aliniambia ghala la zamani linavuja, nikamjibu tutaziba baadaye. Nimekosea."

Wakuu, nimefanya kazi sehemu tatu na sijawahi kumsikia bosi akitamka "nimekosea" mbele ya walio chini yake. Nilimheshimu palepale.

Mtu wa ghala akakohoa. "Mama, mimi nami niliikuta ile mifuko ina unyevu. Nikaitoa hivyohivyo."

Msomi akainamisha kichwa. "Na mimi nilipima mifuko ya juu tu."

Basi, kumbe mbovu ni mifuko ya ghala moja, na namba zake zinajulikana. Bila hivyo, siku nzima tungebishana kuhusu mvua.

Bado tumekaa, makao makuu wakapiga. Mama akaweka loudspeaker. Mkubwa akasema, "Waambie ni hali ya hewa. Ukikubali kosa, utaondoka nalo wewe."

"Nimekuelewa, baba," Mama akajibu, akakata, akachukua funguo za gari. "Twende Chimala."

Tulikuta watu wamevimba kwa hasira. Mimi nilisimama karibu na gari, siwafichi, uhai mtamu.

Yeye akaenda mpaka katikati yao, akawasalimu kwa kilugha. "Kamwene. Mbegu ni mbovu na kosa ni letu. Msipande zilizobaki, tunawaletea nyingine."

Wakaguna, wakafoka, mmoja akatukana. Akapokea yote bila kujitetea. Halafu bibi mmoja akasema, "Mwanangu, ule mfuko wa pili nilikuwa nauloweka leo. Ungesema ni hali ya hewa, ningerudia."

Mbegu mpya zikaenda, na mpunga ukaota.

Mama Kihwele walimvua umeneja. Amerudishwa Iringa, ofisi ndogo, bila gari. Nilipompigia kumpa pole alicheka, akauliza Chimala wamevuna vipi.

Nilichojifunza wakuu: pale kikaoni kila mtu alikuwa anaulinda mkate wake, na siwalaumu, wote tuna watoto. Ila ukijikinga na lawama, inamwangukia mtu asiyekuwemo hata kwenye kikao. Yule mama aliikubali imwangukie yeye, na kwangu hiyo ndiyo maana ya bosi.

Haya, uwanja ni wenu. Ungekuwa wewe kwenye kile kiti, simu imeshakatwa, ungechukua funguo?